Cherehani Iliyotolewa Mapema

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa fundi pekee wa nguo za kike mtaani kwetu. Kisha akaja fundi mwingine, jina lake Mgeni, akapanga chumba cha pili kutoka changu, akatundika gauni moja mlangoni. Moja tu, mabega yamekaa bila mkunjo. Roho iliniuma mpaka nikajichoma sindano.

Wateja wangu wakaanza kupita wakinisalimia kwa adabu mno. Jioni, nikipakua chakula, nilimwaga nyongo yote mbele ya mdogo wangu. "Kabila lile ndivyo lilivyo. Wanakuja na begi, wanaondoka na mtaa." Mdogo wangu alishalazwa mara mbili kwa ugonjwa wa akili, na dawa alimeza akikumbushwa. Wiki zile nilisahau kumkumbusha dawa. La kabila sikulisahau hata siku moja.

Asubuhi moja mdogo wangu akaingia dukani, akainyanyua cherehani yangu.

"Unaipeleka wapi?"

"Nyumbani, Dada. Leo usishone."

"Kuna nini?"

"We usishone tu."

Macho yake yalikuwa yametulia. Nikajifanya hamnazo, nikafunga duka, nikamfuata nyumbani. Saa sita mchana alirudi dukani peke yake na dumu la petroli, akakichoma chumba cha Mgeni, Mgeni mwenyewe akiwa ndani. Mgeni alitoka hai, mikono imeungua.

Wateja walipanga foleni hospitalini kumlisha. Nami, Mungu anisamehe, nilikionea wivu hata kile kijiko.

Wakili wetu alinielekeza vizuri. "Mama, sema hakujua anachofanya. Atapelekwa kutibiwa, hatafungwa."

Na mgonjwa alikuwa kweli. Nilimtazama pale kizimbani, midomo ikimchezacheza, nikamwonea wivu yeye pia. Yeye alikuwa na ugonjwa wa kujifichia. Mgeni alikaa benchi la mbele, mikono kwenye bandeji, magauni yote ya mtaa sasa yakinisubiri mimi.

"Siku ile alijua anachofanya?" hakimu akaniuliza.

"Alikuwa mgonjwa, mheshimiwa." Wakili akaitikia kwa kichwa kuniunga mkono. "Lakini cherehani yangu aliitoa kwanza."

Wakili akafunga faili. Hakimu akaandika, kisha akainua macho.

"Na wewe ulipoiona inatoka, ulifikiri nini?"

"Mimi sijawahi kuugua akili, mheshimiwa," nikasema. "Nilifikiri wateja wangu watarudi."