Waliotangamana

Kipindupindu kilipoingia Ifakara, mtu aliyepiga kelele kuliko wote kwenye mkutano wa mtaa wetu, Viwanja Sitini, nilikuwa mimi. Bwana afya alisema wanawafuatilia watu wote waliotangamana na wagonjwa, ila majina ni siri. Sisi tutatajiwa mitaa tu. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

"Siri ya nani? Kama tunaweza kufa sote, basi tujue sote! Mwananchi ana haki!"

Nikapigiwa makofi, na mimi kwa makofi ni mgonjwa wa siku nyingi.

Kesho yake binti mmoja wa afya alibisha hodi kwangu. Akanipa shikamoo, kisha akasema kwa adabu, "Baba, tumeelezwa ulitangamana na yule mama lishe wa stendi aliyelazwa."

Nilikula kwake wali na kambale tu, basi. Lakini nyumbani nilishaapa kwamba tumbo langu halipokei chakula cha nje. Halafu hilo neno, kutangamana, lilivyo refu, mtu anaweza kuficha mambo mengi ndani yake. Nikamsihi binti ashushe sauti. Nikamweleza kwamba habari za mtu ni siri yake, na kuilinda ni utu. Nilieleza vizuri kuliko bwana afya.

Mke wangu akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Endelea, mwanangu," alimwambia binti. "Ametangamana naye tangu lini? Na mimi ni mwananchi."