Sakafu Niliyoipiga Ndani ya Boti

Jamani, aibu niliyoipata kwenye bwawa la Mzee Nyangau sijui kama kuna mwanamume mwingine Nyamira nzima aliyewahi kuionja, na nawasimulia leo kwa hiari yangu kwa sababu hata nikinyamaza kuna mtu hapa Keroka atawasimulia, tena ataongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa nyumba, Mkisii wa milimani, na maji mengi niliyoyazoea maishani ni ya mvua ya saa kumi. Lakini nilioa Kendu Bay. Baba ya mke wangu Akoth alikuwa akisafirisha mizigo ziwani, na alipofariki aliacha boti kuukuu ya tanga, mbao zimeoza, kuku wanatagia ndani. Sisi tukaota ndoto yetu: tuitengeneze, tuhamie humo, tuzunguke ziwa tukiuza ndizi na parachichi soko kwa soko. Mama mkwe akakubali, ila kwa sharti.

"Baba Brian, chukua. Lakini nitakuja kuiona mwenyewe. Nikikuta umeiharibu, boti ya marehemu inarudi kwa shemeji yako."

Nikaileta nyumbani kwa lori, nikaiegemeza kati ya migomba, na niwaambie ukweli, nilifanya kazi safi. Mbao mbovu nilizing'oa, nyufa tukaziziba kwa pamba na lami kama Akoth alivyofundishwa na babake, mlingoti nikauweka mpya wa mkaratusi, tanga likashonwa. Kikabaki kitu kimoja tu, mahali pa kuweka jiko, maana mbao na makaa havipatani. Akoth akaenda kwao kumchukua mama yake, nami nikakoroga simiti kidogo nipige kipande cha kuwekea jiko, basi. Hapo ndipo shetani alipoingia, kwa sababu kipande kikaisha na simiti ikabaki, na fundi aliyefunzwa vizuri hatupi simiti iliyokorogwa (mwalimu wangu angenichapa kwa mwiko), nikaisogeza kidogo, nikaona pamekaa upande, nikakoroga nyingine nisawazishe, mara nikajikuta nimepiga sakafu boti nzima mbele hadi nyuma, nikaitia rangi nyekundu na kuisugua mpaka ukiinama unajiona. Nikajipongeza sana.

Mama mkwe alifika Jumapili, na majirani wote wakaja kuangalia. Akoth alichungulia ndani akanivuta shati. "Baba Brian, umeweka nini humu?" Nikamwambia atulie, ataona. Mama mkwe naye akazunguka, akachungulia, akakohoa.

"Sakafu ni nzuri," akasema polepole. "Lakini mimi boti naiangalia ikiwa majini."

Badala ya kumwomba angoje siku ya kuipeleka ziwani, mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Hata sasa hivi, Mama! Mzee Nyangau ana bwawa la samaki hapo chini." Maskini Mzee, alikuwa na kikombe chetu cha chai mkononi, angekataaje mbele ya wageni? Vijana wakapanga vigogo vya migomba mteremkoni, mimi nikapanda na suruali yangu ya kanisani, nikashika usukani, wakasukuma.

Ndugu zangu, vigogo vya migomba vina utelezi! Boti ilishuka mlima vijana wakaachia kamba, ikaingia bwawani kwa kishindo, mimi nikaangukia matako, nikasikia suruali ikipasuka nyuma kuanzia mkandani hadi (msiniulize wapi), na maji ya bwawa yakapanda ukingo yakamwagika kwenye majani ya ng'ombe pamoja na samaki.

"Nyasae, Mungu wangu! Samaki zangu zinaenda!" Mzee akapiga mayowe, na wale majirani waliokuja kuangalia wakavua viatu wakaanza kukimbizana na samaki ngege nyasini. "Shika hiyo! Hapana, hiyo kubwa!"

Boti yenyewe ilizama. Taratibu, imenyooka kabisa (sakafu yangu haikuwa na kasoro upande wa usawa), mpaka ikatua kwenye tope na maji yakanifika kifuani.

"Ruka, fundi! Ruka utoke!" vijana wakaniita.

Ningerukaje? Ukingoni alisimama mama mkwe wangu, na mkwe kumwonyesha mama mkwe makalio ni jambo ambalo kwetu hata mbuzi wa faini hatoshi, na kwa Wajaluo ni vivyo hivyo. Nikakaza usukani kwa mikono miwili, nikatazama mbele kama mtu anayeelekea kisiwa cha Mfangano. Akoth akaingia majini na leso yake, nikamnong'oneza, akacheka mpaka akaushika mlingoti, kisha akanifunga hiyo leso kiunoni.

Mama mkwe alikuwa anafuta machozi.

"Mmeona nyinyi?" akawaambia watu. "Boti imezama na yeye amekataa kuiacha. Shemeji yake angekuwa wa kwanza kuruka. Baba Brian, hiyo simiti utaitoa yote kwa mkono wako. Lakini boti ni yenu."

Niliibomoa sakafu ile kwa tindo na nyundo mpaka viganja vikatoka malengelenge, Mzee tukamrudishia samaki wake, na sasa tunaishi humo ziwani, jiko limekaa juu ya bati lenye mchanga. Nimeapa sitakoroga tena simiti karibu na kitu kinachoelea. Ila kila tukitia nanga Kendu Bay, mama mkwe husimama kanisani akawasimulia waumini habari za mkwe wake asiyekiacha chombo, wanaume wazima wananipa mkono kwa heshima, Akoth ananifinya, nami natazama viatu vyangu. Mama anafurahi sana, na mimi nampenda, kwa hiyo nawaomba, mkikutana naye, ile suruali hamkuisikia.