Siku Niliyosukuma Pikipiki ya Jirani

Mlio wa pikipiki ya jirani yangu ningeutambua hata darasani, wanafunzi wakipiga kelele na mvua ikinyesha juu ya mabati. Kila asubuhi ilikuja kusimama mbele ya lupango letu kule Kasungami, yaani kiwanja chetu chenye ukuta wa matofali. Mke wangu alitoka na furushi lake la lengalenga na kibwabwa, mchicha na majani ya maboga, akapanda nyuma, akaweka mkono mmoja begani mwa jirani, wakaenda soko la Kenya, jina la mtaa wa mji wetu, si la nchi. Mimi nilibaki mlangoni nikipangusa vumbi kwenye kinga yangu. Kinga ndilo jina letu la baiskeli. Kabla ya pikipiki ile kufika, ni kinga hiyo iliyobeba furushi, na mkono ule ulishika koti langu.

Jirani huyo tulikua pamoja. Tulichunga kuku wa mama zetu pamoja, tukavuliwa viatu na matope yale yale. Sasa alikuwa manseba, kama tunavyowaita hapa wanaobeba watu kwa pikipiki, na mimi nafundisha fizikia, kwa hiyo ananiita Prof. Siku pikipiki yake ilipoletwa, nyekundu, bado imefungwa nailoni, mtaa wote ulikuja kuiona. Mama pasteur, mchungaji wa kanisa lao, aliipaka mafuta, akaiombea, halafu akabandika karatasi ya baraka kwenye shingo la usukani, pale macho ya dereva yanapoangukia. Jirani akazungusha skochi, ule utepe wa kunata, juu ya karatasi, mzunguko baada ya mzunguko, mvua isije ikaiharibu. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Nilipewa kinywaji kitamu, nikakinywa kama dawa.

Wivu wangu haukuwa wa kelele. Ulikuwa wa mambo madogo. Mke wangu akirudi jioni alinisimulia jinsi pikipiki ilivyoruka shimo, jinsi ilivyowapita wengine wote, jinsi manseba alivyowachekesha wanawake wa sokoni. Mimi nilikuwa nimemsimulia siku yangu shuleni kwa miaka, na sikumbuki kama nilimchekesha mtu.

Halafu nikasikia redio. Ilikuwa siku ambayo hatukuwa na shule, nilikuwa nakoroga bukari, ugali wetu. Mtangazaji akasema kwamba duka linalouza pikipiki za aina ile linawaomba wote walionunua zile zilizoingia kwa pamoja wazirudishe zikaguliwe. Kipande kimoja cha breki ya mbele kilikuwa na kasoro, nacho kingebadilishwa bure. Akasoma herufi ambazo namba ya chassis, ile iliyochongwa kwenye chuma cha pikipiki, huanza nazo. Niliacha mwiko ndani ya sufuria, nikaziandika herufi hizo kwa kalamu ya bic kwenye kiganja.

Nitakueleza kasoro yenyewe, na usiogope, si ngumu. Breki ya kinga huvutwa na waya. Breki ya mbele ya pikipiki hizi husukumwa na mafuta. Ukibana mkono wa breki, kijiti kidogo kinasukuma pete ya mpira, pete inasukuma mafuta, mafuta yanakwenda kubana gurudumu. Mpira ukiwa mbaya unavimba, unalegea, na mafuta yanapita pembeni yake kurudi nyuma. Leo unabana, inashika. Kesho unabana, mkono unakwenda mpaka mwisho kama umebana hewa, na pikipiki inaendelea na safari yake.

Nilipomaliza kuandika, kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Pikipiki nyekundu ina ubovu! Nilitaka kucheka pale jikoni peke yangu. Kisha nikakumbuka ni nani anayeketi nyuma yake kila asubuhi.

Jioni mke wangu alikuwa akichagua majani ya kibwabwa, akivua nyuzi zake. Nikakaa karibu naye.

"Kesho usipande ile piki," nikamwambia.

"Ju ya nini?"

"Ku redio banasema frein ya mbele iko mubaya."

"Ya piki zote?"

"Ya zile zilikuya pamoja na yake."

Aliendelea kuvua nyuzi. "Baba, toka ile piki ifike, hata bukari haukule muzuri. Leo redio njo inakusaidia?"

"Niko na jalousie, wivu, sikatae. Na frein iko mubaya. Byote bibili iko kweli."

"Basi toa kwanza kimoya," akasema, "kisha nitasikia kingine."

Hakuwa mkali. Alinicheka tu, na akanisogezea majani nimsaidie. Kesho yake akapanda.

Nikamfuata jirani mwenyewe pale manseba wanapongojea watu, wamekaa juu ya pikipiki zao kama kuku juu ya mti. Nilianza kumweleza taratibu habari ya mafuta na mpira. Sikufika mbali.

"Prof," akasema, "kinga yako iko na frein?"

Wote wakaangua kicheko. Kinga yangu niliisimamisha kwa soli ya kiatu, na Kasungami nzima ilijua.

"Manseba, tuangalie tu namba."

"Namba iko chini ya baraka. Unataka nipasule baraka ju ya redio?"

"Ununue yako, Prof!" mwingine akapaza sauti. "Ile utaipeleka kila siku kwenye unataka!"

Hapo ndipo nilipoona ugumu wa jambo lenyewe. Mtu mwingine yeyote angeleta habari ile, wangeisikiliza. Mimi nilikuwa na uso ambao kila mtu alikwisha kuusoma. Na chini ya skochi na karatasi ya mama pasteur, namba iliyoweza kunitetea ilikuwa imelala. Kwetu baraka hubandikwa mahali pa heshima, na mahali pa heshima pa pikipiki ni shingo lake, palepale kiwanda kinapochonga namba.

Siku chache zilipita. Asubuhi moja mke wangu alirudi kabla sijaondoka kwenda shule, kwa miguu, kiatu kimoja mkononi, kitenge kimejaa mchanga. Kwenye mteremko wa kuelekea daraja dogo jirani alikuwa amebana breki ya mbele, na mkono ukaenda mpaka mwisho. Alikanyaga ya nyuma, akaburuta miguu, wakaingia kwenye lundo la mchanga la mtu anayejenga. Hakuna aliyeumia. Lengalenga yote ilibaki barabarani, mbuzi wakaila.

Nilimletea maji. Aliyanywa, akaniangalia juu ya kikombe.

"Kuko muntu anaangalia ile piki mubaya," akasema.

Niliiangalia mubaya kila siku, hilo lilikuwa kweli. Lakini macho yangu hayakuvimbisha mpira.

Mchana, niliporudi kutoka shule, jirani alikuja na pikipiki akiisukuma, na nyuma yake mama pasteur na chupa ya mafuta ya baraka. Alisema fundi wa barabarani amemwongezea mafuta ya breki, na sasa inashika vizuri, kesho kazi inaendelea. Alitaka tu iombewe tena, na iombewe hapa, ndani ya lupango letu. Aliposema "hapa" hakuniangalia. Mke wangu aliniangalia kwa niaba yake.

Nikajua kwamba nikibishana nimepotea. Kesho angepanda tena, breki ingeshika asubuhi moja, pengine mbili, na kwenye mteremko ule si kila siku mtu anajenga. Nikaingia ndani, nikachukua sindano ya plastiki tunayowapa kuku dawa, ile ya zamani niliyokuwa sijaitupa kwa sababu situpi kitu. Nikaijaza maji, nikampelekea mama pasteur.

"Mama, samahani. Ziba hapa mbele na kidole, kisha usukume."

Alikuwa mama mkubwa wa mwili, mwenye subira. Akaweka chupa chini, akaziba, akasukuma. Maji yalitakiwa kukaa imara mbele ya mpira wa sindano. Badala yake yakapenya polepole pembeni, yakamtiririkia kwenye kiganja kutoka nyuma.

"Eh! Inarudia nyuma."

"Njo hivi, mama. Mupira imechoka. Ukiongeza maji, itakaa kidogo, kisha itarudia nyuma tena."

Akasukuma mara nyingine, akampa mke wangu. Mke wangu akasukuma. Akampa jirani.

"Na namba ya kujua," mama pasteur akaniuliza, "iko wapi?"

"Iko pale mulibandika karatasi, mama. Mulibandika fasi muzuri kabisa. Lakini kiwanda nayo ilipenda fasi ile ile."

Alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Leta kisu," akamwambia jirani. "Mungu anaona hata ku réservoir."

Ni yeye mwenyewe aliyekata skochi, akabandua karatasi taratibu isichanike, akaibandika juu ya tangi la mafuta na kuipapasa kwa mkono. Mimi nikapangusa shingo la usukani kwa shati langu. Herufi kwenye kiganja nilikuwa nimezipitishia bic upya kila nilipooga. Jirani alishika kiganja changu, akakiweka karibu na chuma, akasoma moja moja, huku na kule. Zilikuwa zile zile. Akakaa chini juu ya tofali.

"Basi," akasema, "weye ulileta habari, weye utaisukuma mpaka ku dépôt, ku duka yao. Kama si jalousie, tutaona."

Nikamtazama mke wangu, nikitegemea atanitetea.

"Isukume, baba," akasema.

Nikaisukuma. Kesho yake, Jumamosi, kutoka Kasungami, mke wangu mbele na furushi kichwani, mimi katikati na pikipiki, jirani nyuma na mikono mifukoni. Sijui kama umewahi kushika usukani wa kitu ulichokitamani kwa miezi. Ulikuwa mpana kuliko nilivyofikiri, na mpira wake ulikuwa laini. Tangi jekundu lilionyesha uso wangu, na uso huo ulikuwa mzuri kuliko ninavyouona kwenye kioo cha nyumbani.

Hatukufika mbali kabla ya mtu wa kwanza kunisalimu.

"Félicitations, Prof! Leo umetuonyesha!"

"Si yangu," nikajibu kwa sauti ndogo.

"Essence imeisha?" mwingine akauliza, akidhani mafuta yamekauka tangini. "Usijali, Prof, ni mwanzo tu!"

Kwa wa tatu sikujibu kitu. Kwa waliofuata nilipunga mkono. Mwanafunzi wangu mmoja alivua kofia. Nyuma yangu jirani mara alitembea upande wa kushoto, mara wa kulia, akitafuta mahali ambapo mtu angemwona.

Tulipofika Kenya wateja wake walianza kumwita. Huyu anataka kwenda Kasapa, yule anataka kupeleka mfuko wa makala, makaa ya kupikia. Nikaona anapunguza mwendo. "Prof," akasema, "si tuwapeleke hawa kwanza? Frein inashika."

Ndipo mama mmoja anayekaanga vitumbua, rafiki wa mke wangu, akatuona. Akapiga kelele za shangwe na mwiko mkononi.

"Mama! Kumbe! Sasa utakaa nyuma ya bwana yako mwenyewe!"

Mke wangu alicheka, akarekebisha furushi kichwani. Hakumsahihisha. Sijui mpaka leo kwa nini, sijamuuliza, naogopa jibu lisiwe lile ninalolitaka.

"Leta!" Jirani alikuwa amenyakua usukani. "Leta hapa. Bantu banachanganya mambo. Ile piki ni yangu!"

"Unaipeleka wapi? Kasapa?" nikamuuliza.

"Ku dépôt! Nani alisema narudia nyuma?" Akaisukuma yeye, kifua mbele, akiwaambia watu kabla hawajauliza: "Yangu! Tunabadilisha kipande, bure!" Mimi nikamfuata nikiwa mikono mitupu, na mikono ilikuwa mizito.

Kule dukani fundi alifungua pampu ya breki na kutoa ile pete ya mpira. Ilikuwa imevimba kama haragwe lililolala ndani ya maji. Aliiweka kwenye kiganja cha jirani, na jirani akaigeuza geuza. Akanipa na mimi niishike. Kisha wakamwekea pampu mpya, na kwa sababu ya usumbufu wakampa kaske, kofia ngumu, mbili, nyekundu, zinang'aa: moja ya dereva, moja ya mtu wa nyuma. Nilitarajia nitaridhika siku hiyo. Nilipoona zile kaske nikasikia kitu kile kile kikirudi kukaa kwenye kiti chake.

Jumatatu mlio ulikuja mbele ya lupango. Mke wangu alitoka na furushi. Kabla ya kupanda, alikwenda mbele, akainama, akabana mkono wa breki kwa vidole vyote, akaushikilia kama nilivyomfundisha, huku akimwambia jirani, "Sukuma." Jirani akasukuma. Gurudumu halikusogea. Mke wangu akageuka kunitafuta mlangoni, akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

"Mama, unaniamini?" jirani akamuuliza.

"Namuamini Prof. Weye naangalia."

Akavaa kaske yake nyekundu, akaifunga chini ya kidevu. Ilimpendeza sana, kuliko kitenge chochote nilichowahi kumletea. Akapanda, na mkono wake ukarudi pale pale, begani.

"Baba!" akaniita wakiwa wanaondoka. "Hata kinga, ubadilishe soli!"

Jirani akacheka, naye akacheka, wakaingia vumbini. Nilibaki nikiwasikiliza mpaka mteremkoni. Mlio ulipungua taratibu, kama unavyopungua breki ikishika, halafu ukapanda tena ng'ambo ya daraja. Nikachukua kinga yangu nikaenda shule.