Nailoni Katikati ya Gereji

Jamani, haya ninayowasimulia ni aibu yangu mwenyewe, sijasingiziwa na mtu, na kama mtacheka chekeni tu, maana mtaa wetu mzima wa Igogo ulishacheka ukachoka, na mimi hadi leo nikipita kile kinjia cha mawe cha kwenda kwa Mama Kulwa naangalia chini kama nimedondosha sindano.

Kwanza mnijue vizuri. Mimi ni mtu wa mashaka. Nauza dagaa wa jumla, na dagaa ndio walionifundisha: gunia likishuka kutoka Nansio nalipima, nikishapima nalifungua, nikishafungua natia mkono hadi chini kuona kama hawajanichanganyia mchanga (na mchanga nimewahi kuukuta, msidhani naota). Marehemu mume wangu alikuwa akisema mimi hata nikipewa pole nitauliza ni ya nini.

Sasa nilikuwa nimejenga gereji chini ya nyumba, imeegemea mwamba, maana kwetu huku ukikataa kujenga kwenye jiwe utajenga ziwani. Sakafu nilipigisha niru, ule uji wa saruji wa kulainishia, safi, laini, paka akikimbia anateleza. Jumamosi ile ilikuwa zamu yangu kupokea jumuiya, wale wenzangu tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, na kwa kuwa sebule yangu haitoshi nikaamua tusalie gerejini. Hapo tamaa ikaniingia. Nikataka sakafu ipakwe ile rangi nzito ya kijani inayong'aa, niliyoiona kwa mteja wangu mmoja kule Kisesa, ili wageni wangu wakiingia waseme wenyewe.

Siku ya Jumanne akaja fundi Masanja, mtu mzima, mpole, wa kuongea taratibu. Akaniamkia, akapiga goti, akapitisha kiganja sakafuni, akatikisa kichwa.

"Mama, niru hii ni laini mno, rangi haina pa kushika. Inabidi niikwangue kwanza."

Nikamtazama. Sakafu nimeigharamia iwe laini, yeye anataka kuikwaruza! Nikajua tayari, hapa natafutiwa kazi ya siku nne kwa kazi ya siku moja. Nikamwambia hakwangui kitu. Akaanza habari ya mwamba na unyevu, sijui jioni ataacha kitu cha kupimia, sijui kesho atakuja kukitazama, na wakati huohuo simu ikaita, mtu wangu wa Nansio, nikampungia fundi mkono, "sawa, sawa," huku nikitoka zangu kwenda sokoni, na sikuwa nimesikia hata nusu yake. Hiyo "sawa, sawa" ndiyo iliyoniponza.

Niliporudi giza lilikuwa linaingia, fundi ameshaondoka, na mlangoni mwa gereji amesimama Mama Kulwa, anachungulia chini. Mama Kulwa ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa wale mapacha, Kulwa na Doto. Mume wangu alipougua ndiye aliyekuwa akinipikia uji wa kumpelekea. Lakini jioni ile mimi niliona mtu amesimama mlangoni kwangu bila hodi.

"Rangi yote hii ni ya sakafu tu?" akauliza, akionyesha makopo yangu.

"Kwani kuna ubaya?"

Akafungua mdomo, akaufunga, akaenda zake. Nikafunga mlango bila hata kuwasha taa, nikalala na yale macho yake.

Asubuhi nafungua gereji, moyo ukapasuka. Katikati ya sakafu kuna kipande cha nailoni, cha mraba, kimebandikwa kwa utepe pande zote nne, hakuna pa kupitisha hata sisimizi, na chini yake kuna matone ya maji, yamejipanga, yanang'aa. Mvua haijanyesha! Maji yametoka wapi? Nikakumbuka macho ya jana, nikakumbuka "rangi yote hii," nikakumbuka hata harusi ya mwaka ule aliponiuliza kitenge changu nimekinunua wapi. Kila kitu kikakaa mahali pake. (Mtu wa mashaka akishapata pa kuanzia, haishiwi ushahidi.)

Nikapiga yowe. Mzee Baltazari, mwenyekiti wetu wa jumuiya, akafika na rozari shingoni, na akina mama, na wapita njia. Nikaing'oa ile nailoni kwa fimbo, nikaichoma, nikamwaga chumvi ya mawe, na juu yake nikamwaga maji ya baraka, dumu zima, sikubakiza. Kisha nikasimama mbele ya watu wote nikasema, na Mungu anisamehe, "Jina silitaji, lakini aliyefanya hivi ana mapacha, na jana jioni alikuwa amesimama hapo mlangoni."

Vichwa vyote vikageuka. Mama Kulwa alikuwa nyuma kabisa na chupa ya chai mkononi. Alikuwa amesikia yowe akadhani nimefiwa, akaja na chai. Akaiweka ile chupa juu ya ukuta, polepole, akarudi kwake. Na nyie mnajua kwetu huku neno kama lile si la mzaha, mwanamke akishaitwa mchawi watu huanza kuvuka barabara wakimwona.

Watu walipotawanyika, fundi Masanja akaingia na brashi zake.

"Shikamoo mama. Ile nailoni yangu ya kupimia unyevu umeiona?"

Jamani. Hapo ndipo ningekimbia kwa Mama Kulwa, nikapige magoti, yaishe asubuhi ileile. Lakini nikaona nimeshasema mbele ya mwenyekiti, nitazimeza vipi tena zile kelele zangu?

"Upepo umeichukua," nikasema.

"Ilikuwa na jasho kwa ndani?"

"Kavu kabisa."

"Mbona sakafu imelowa?"

"Nimedeki."

Akanitazama, akaitazama chumvi pembeni. Tukasubiri juu pakauke, na saa saba mchana, mabati yanawaka, nikamlazimisha apake. Akapaka. Ikang'aa, jamani, hadi nikajiona uso, ingawa siku ile sikuwa na hamu ya kujiona. Akaniambia nisiingize gari wiki nzima. Nikajiuliza, wiki nzima gari likae nje, kwa faida ya nani? Ijumaa nikatoka Kisesa jua kali, matairi yamepikika kwenye lami, nikaliingiza moja kwa moja likalala ndani.

Jumamosi nalitoa, matairi yakatoka na viraka vinne vya rangi, vimening'inia kama ngozi ya mbuzi. Na sehemu nyingine sakafu ilikuwa imetoka malengelenge. Nikatandika mikeka haraka haraka, nikapanga viti, nikajiambia watu wanakuja kusali, hawaji kukagua.

Sala ikaenda vizuri mpaka tulipopiga magoti. Nje ya mikeka malengelenge yakaanza kupasuka, pwa, pwa, na maji yakatoka chini. Mzee Baltazari aliposimama alikuwa na kipande cha kijani kwenye kila goti, na mama mmoja aliyevaa nyeupe, nisimseme alikokalia.

"Ni lile jambo la Jumatano!" akapiga kelele mmoja. "Huyu mama wa mapacha sasa amezidi!"

"Twendeni kwake," wakasema wengine, na wawili walikuwa wameshafika mlangoni.

Mzee Baltazari akawazuia kwa mkono. "Ngojeni. Tumuulize kwanza aliyepaka." Akatoa simu, akampigia Masanja, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Nikasema mtandao huku unasumbua sana, kateni, tumpigie kesho. Hakuna aliyenisikiliza.

"Mzee, rangi ile lazima ingetoka," sauti ya fundi ikajaa gereji. "Niru ni laini, mama alikataa nisikwangue. Halafu chini kuna maji ya mwamba, jua likipasha mabati yale maji yanataka kutoka kama mvuke wa chungu, yakikuta rangi yanaisukuma. Na tukapaka mchana, ikakauka juu kabla haijashika chini. Kama ameingiza na gari matairi ya moto, basi tena. Mimi niliacha nailoni kupima, nimebandika pande nne, lakini mama aliniambia ilikuwa kavu na upepo umeichukua."

Wale wawili wa mlangoni wakarudi wakakaa.

"Mama Lusia," mzee akaniita, taratibu, "ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatano," nikasema, na kilio kikanitoka, si cha kuigiza.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Tangulia." Nikaichukua ile chupa ya chai aliyoiacha Jumatano, nikapanda kinjia cha mawe, jumuiya nzima nyuma yangu na viraka vyao vya kijani. Mama Kulwa alikuwa uani anaanika michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Nikapiga magoti kwenye kokoto nikasema yote, kwa sauti, ili walionisikia siku ile wanisikie na leo.

Akanisikiliza hadi mwisho. "Jioni ile niliona maji yanachuruzika pembeni ya jiwe," akasema. "Nilitaka kukuambia usipoteze rangi yako. Lakini ulivyonitazama, nikaona nikisema utadhani nakuonea wivu." Akaipokea chupa, akaitikisa, nyepesi. "Chai uliinywa?"

Ningeweza kudanganya. "Niliimwaga," nikasema.

Akageuka akaendelea kuanika michembe yake. "Nimekusamehe," akasema bila kuniangalia, "ila niache kwanza."

Nilimwacha. Miezi miwili tulisalimiana kwa mbali, na nawaambieni, nyumba yangu ilikuwa kimya kuliko siku nilipofiwa. Sakafu nimeiacha vilevile, nusu kijani nusu niru, kila anayeingia anauliza na kila anayeuliza namsimulia. Dagaa nitaendelea kuwapima, hilo sitaki kuwadanganya, lakini nimeapa sitataja mtu tena, wala mapacha wake, kabla sijaenda mwenyewe kumuuliza mlangoni kwake.

Juzi nikasikia hodi. Mama Kulwa, amesimama palepale mlangoni mwa gereji, chupa mkononi. Akanimiminia kikombe, akanipa, akanikazia macho. Nikakipiga chote hapohapo, kikaniunguza ulimi, wala sikuuliza kimewekwa nini.