Pombe ya Wakwe Ndani ya Pipa la Dawa ya Udongo

Mwanangu wa kwanza anaoa! Limenijaa kifuani, ndiyo maana nimetanguliza. Sasa salamu, wasomaji wenzangu, na wewe Mhariri unifichie jina.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na mitano, nakaa huku Bahati. Shule niliachia darasa la tatu, lakini mtoto niliyemzaa, jamani, nani atamfikia? Anafanya kazi Nakuru, panapojengwa ghala la mahindi. Mnajua udongo wetu ni kama majivu, mvua ikinyesha unadidimia. Basi mwanangu na wenzake wanapigilia mabomba ardhini, wanasukuma dawa mbili kwa pampu. Moja nzito kama uji, nyingine maji ya chumvi kali. Zikikutana huko chini zinaganda, mchanga unashikana kama jiwe. Ghala lile litasimama kwa mikono ya mwanangu! Na msichana ni mwalimu, msidhani ameokota.

Sasa kinachonitapisha. Ndugu ya marehemu mume wangu ndiye atakayesimama mahali pa baba kuongea na wakwe. Pombe ya asali ya kuwapokea anatengeneza yeye, na kwetu mwanamke hagusi pombe ya wazee. Juzi nikapita kibandani kwake, nikaona pipa. Nikalijua. Ni la ile dawa nzito, na mwanangu alishatukataza kuleta mapipa hayo nyumbani, hata kwa kuwekea maji. Nikafunua. Wee! Pombe imeganda mabonge mabonge, inavutika kama kamasi la mtoto mwenye mafua, na kando kando gamba jeupe. Hata nzi walikuwa wanapita mbali.

"Shemeji, pipa hili umetoa wapi?"

"Kwa mlinzi wa ghala. Nililisuuza."

"Na haya makamasi?"

Akacheka, akachovya kidole, akalamba! "Asali hiyo, mama. Pombe nyepesi ni ya maskini. Nimeianza mapema ikomae."

Nikakimbia nyuma ya nyumba nikatapika mpaka machozi. Niliporudi nikamwambia imwagwe. Akanitazama kama takataka.

"Iguse tu, halafu utafute mwanamume mwingine wa kukusemea. Ama utasimama mbele ya wazee na hilo rinda lako?"

Mwanangu analala huko kazini. Nikimwambia, najua hasira zake, atampiga baba yake mdogo, na arusi ya mtu aliyempiga mzee wake nani atakuja kuila? Nikiimwaga mimi, hatuna msemaji, na wakwe watarudi wakisema kijana hana watu. Nikinyamaza, baba wa msichana atameza dawa ya udongo akiwa ameketi kwenye kiti changu, mbele ya macho yangu.

Akina mama, na ninyi wazee mnaosoma, nishikeni mkono, nifanye nini? Msikawie. Watu wa msichana wote, wakubwa kwa wadogo, wanafika kwangu Jumamosi ijayo.