Hodi Tatu kwa Njuga

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, Mzee Shaame huvigonga kwa ncha ya mkongojo na kusema, "Hodi." Husubiri kidogo, huvipindua, huchungulia ndani, ndipo akatia mguu. Viatu vya wageni navyo havisalimiki. Ukienda kwao kunywa chai, ukitoka utavikuta vyako vimelala ubavu mlangoni, vimeshapigiwa hodi kwa niaba yako.

"Nge wa Texas hana adabu," huniambia. "Njuga ndiye muungwana. Ukimpigia hodi, anaitika."

Njuga ni jina alilompa yule nyoka wa huku mwenye magamba makavu mkiani, ambayo akiyatikisa hulia kama choroko ndani ya kopo. Mzee alimjua mwaka ule ule alipohamia Lewisville kutoka Wete. Kazi yake ni kuendesha basi dogo la abiria wa uwanja wa ndege, lakini katika fleti zetu ndiye anayeitwa kila nyoka anapotoka vichakani kando ya ziwa. Ana buti za ngozi zinazofika magotini, ndoo yenye kifuniko cha kukaza, na koleo refu la chuma. Koleo amelitundika sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Picha ya harusi iko jikoni, karibu na friji. Bi Mwatime, mkewe, hajalisamehe jambo hilo.

Mzee ana masharti yake. Nyoka hashikwi kwa mkono, hata aliyekufa. Hasogelewi zaidi ya urefu wa koleo. Na kwanza ni kokoto moja na hodi tatu, kutoka mbali. Njuga akilia, Mzee anajua alipo. Akinyamaza mara zote tatu, basi mwenyewe hayupo.

"Na akiwa bubu?" Bi Mwatime humchokoza.

"Hajazaliwa Njuga bubu. Siku sikio langu likimkosa, nitalitungua koleo mwenyewe, nitundike hiyo picha yako."

"Siku hiyo nitakuwa mjane. Picha ya nini?"

Jumamosi moja ya kiangazi cha mwaka 2004 nilikuwa kwao. Bi Mwatime alikuwa jikoni akimwita mumewe aje kumfungulia gunia la mchele. Aliita, akaita, mwisho akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Wee Baba Nawal! Mkeo humsikii, nyoka wa ng'ambo ya barabara unamsikia!"

"Nyoka ana neno moja tu," Mzee alijibu.

Hapo akaingia Melkiori, jirani yetu kutoka Moshi, mfanyakazi wa ofisi ya bima, kavaa ndala mguu mmoja.

"Shikamoo Mzee! Yuko kwangu, kwenye mbao zilizoegemea ukuta. Nime-call ofisi ya meneja, wanasema Jumatatu. Kwani huyu nyoka ana miadi?"

"Marahaba. Wewe si mtu wa bima? Jikatie."

Tukaenda wote. Melkiori alipanda juu ya boneti ya gari lake, akatuambia kwamba kutoka pale anaona vizuri. Mzee akaturudisha nyuma, akatupa kokoto.

"Hodi!"

Mlio ukatoka chini ya mbao, mkavu na wazi, hata Melkiori akakunja miguu. Mzee aliinamisha kichwa, akasubiri.

"Hodi!"

Njuga akalia tena, safari hii kwa hasira.

"Hodi!"

Alilia mara ya tatu. Mzee akashusha koleo. "Hayupo," akasema, akapiga hatua kwenda kuinua ubao kwa mkono.

Bi Mwatime alimrukia kwa nyuma, akamvuta shati mpaka kifungo kikaruka. "Baba Nawal! Ameitika! Mara zote tatu ameitika!"

Mzee akamtazama mkewe usoni, kisha akazitazama mbao. Alirudi nyuma taratibu.

"Nilikuwa namjaribu," alisema.

"Mzee, mjaribu siku ambayo mimi sipo," Melkiori alisema kule juu. Hakuna aliyecheka.

Baada ya hapo Mzee alifanya kazi yake kama zamani. Aliuvuta ubao kwa ncha ya koleo mpaka ukaanguka, akambana Njuga katikati ya mwili bila kumuumiza, akamwinua mbali na miguu yake na kumshusha ndani ya ndoo. Kifuniko alikisukuma kwa koleo kwanza, kisha akakikaza. Muda wote huo Bi Mwatime alisimama nyuma yake, kiganja mgongoni, akimgonga kila Njuga alipolia.

Tulimwachia vichakani, mbali na nyumba, tukarudi kunywa chai. Melkiori alikuwa ameshaanza kusimulia, na nyoka alikuwa ameshaongezeka urefu. Mzee alisimama mbele ya televisheni, koleo mkononi, akiutafuta msumari. Bi Mwatime alimwita kutoka jikoni. Hakugeuka.

Katika nyumba ile kazi yangu huwa kupeleka sinia na kunyamaza. Siku hiyo niliweka sinia chini, nikaenda kusimama mbele yake ili anione.

"Mzee, ulimsikia?"

Aliitazama midomo yangu, kisha akanipa koleo.

"Sikumsikia, mwanangu. Hebu kailete ile picha."