Niliandika "Imefika"

Kazi yangu ni kuandika programu za simu, na kwa miaka kadhaa nilikuwa na maoni juu ya kila kitu. Nilikaa Kasongo, nyuma ya duka la kuchaji simu, na kompyuta moja na paneli mbili za sola juu ya bati, nikiwatolea watu hukumu. Simu ya vitufe, takataka. Tovuti inayozungusha kile kiduara dakika nzima, aibu kwa aliyeitengeneza. Mtu akipita na barua ya kumpa motari wa pikipiki aipeleke Kabambare, nilimcheka usoni, nikamwambia dunia imeshahama na yeye amebaki kulinda magofu. Nikikumbuka mdomo wangu wa siku zile natamani kuuziba kwa mkono.

Programu niliyoijivunia zaidi ilikuwa ya habari za familia. Huku kwetu rezo, yaani mtandao wa simu, inakuja na kuondoka inavyotaka. Kuna vijiji ambako simu inashika juu ya kilima tu, na vingine haishiki wiki nzima. Basi nikaandika programu ambayo mtu anaweka habari yake, ndoa, uzazi, msiba, na habari inakaa ikisubiri mpaka simu ya ndugu yake ikutane na rezo, ndipo inaingia. Watu wenye ndugu kwenye machimbo ya Lusangi waliipenda sana. Hata wale niliowacheka walikuja niwawekee.

Mwanzoni, ukituma habari, programu ilikuonyesha maneno matatu. Kwanza "Inangoja", halafu "Imeondoka", na mwisho kabisa "Imefika", pamoja na alama ya kijani. Kila neno lilikuwa kweli tupu. Lakini watu hawakulipenda lile la kwanza. Walinijia dukani simu mkononi, mbona inangoja, inangoja nini, umeiharibu wewe. Mama mmoja alinifuata hadi mlangoni pa kanisa. Nilichoka nao, nawaambia ukweli.

Mwezi mmoja rezo ilitulia, nikapata kutazama video za mafundi wa nchi za mbali wakifundisha mtindo mpya. Walisema programu nzuri haimngojeshi mtu. Akibonyeza tu, mwonyeshe kwamba kazi imekwisha, wewe endelea kuhangaika nyuma ya pazia. Mara nyingi itafanikiwa, na ikishindikana utarekebisha taratibu. Waliita hiyo kuandika kwa matumaini. Wee, nilipenda. Kwao rezo haikatiki, kwa hiyo matumaini yao yanadumu nusu sekunde. Mimi nikayachukua matumaini ya nusu sekunde nikayaleta mahali ambapo habari inaweza kulala siku nane. Sikufikiri hata kidogo. Asubuhi moja nilifuta maneno mawili ya kwanza, nikabakiza "Imefika" na alama yake. Ukibonyeza tu, inatokea, hata kama simu haina rezo kabisa. Malalamiko yakaisha siku ileile. Watu wakasema sasa programu imekuwa kali, inakimbia, na mimi nikavimba kichwa.

Papa, baba yangu mzazi, peke yake hakufurahi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kuuliza. Aliniuliza neno "Inangoja" limekwenda wapi, akasema lilimsaidia kujua kama atafute mtu wa kumtuma. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya zamani. Akaweka simu mfukoni.

Alifariki asubuhi moja ya kiangazi, bila kuugua muda mrefu. Moyo. Wa kuambiwa kabla ya wote alikuwa dada yake mkubwa, shangazi yangu, anayekaa Wamaza na kulima mpunga na karanga. Ndiye aliyemlea papa mama yao alipokufa, na mimi mwenyewe nilikula likizo zangu zote za utoto jikoni kwake. Tena katika familia yetu, sanduku la mwanaume halifungwi mpaka dada yake amtazame usoni na kusema kwa mdomo wake, "Fungeni." Asipokuwepo, ni kama marehemu hakuwa na kwao. Kwa hiyo siku hiyo mawazo yetu yote yalikuwa kwa shangazi, ajue na afike, kwa sababu mwili nyumbani haungoji zaidi ya siku mbili.

Baba mdogo, anayemfuata papa, alikuwa ameshamwita motari. Pikipiki ilikuwa imesimama uani, barua inaandikwa, na mtu mwingine anavaa viatu aende redioni na komunike, tangazo la kifo. Mimi nikatoka ndani na simu yangu. Nilikuwa nimekwisha kumwandikia shangazi, maana simu yake nilimpa mimi na programu nilimwekea mimi. Nikawaonyesha. Nikasema shangazi ameshajua, motari wa nini tena, tumwache atafute usafiri wake hukohuko. Baba mdogo akaniuliza kama nina hakika. Akauliza tena.

"Baba mdogo, imefika. Si unaona mwenyewe?"

Akaona. Mtu mzima, aliyezika watu wengi, akaamini alama niliyoichora mimi. Motari akaambiwa aende zake, barua ikakunjwa, na yule wa redio akavua viatu.

Mtaniuliza kama nilijua. Pale uani sikukumbuka, na hiyo ndiyo sehemu inayoniudhi mpaka leo. Niliandika uongo, nikausahau, halafu ukanidanganya mimi mwenyewe kama ulivyowadanganya wengine. Nilikuwa nalia, kichwa hakikuwa changu. Niliona kijani nikashukuru Mungu.

Tukangoja. Siku ya pili kila pikipiki iliyosikika barabarani watu waliinuka. Tulimpigia shangazi, simu haikupatikana, nikasema bila shaka yuko njiani, na njiani hakuna rezo. Ndiyo, hata hilo nilisema mimi. Siku ya tatu asubuhi ikawa haiwezekani tena. Baba mdogo akasimama mbele ya sanduku, akageuka kutazama barabara kwa muda, kisha akasema yeye lile neno. Alilisema kama mtu anayelazimishwa kula.

Maneno yalianza kabla hatujatoka makaburini. Mwaka uliotangulia papa na shangazi waligombana juu ya michikichi ya wazazi wao. Ugomvi wenyewe ulikwisha, wakala sahani moja, lakini watu hawasahau ugomvi wa wengine. Wakasema kumbe moyo wa yule mama bado ni mweusi, habari amepata na amekaa. Baba mdogo, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema mbele ya wote kwamba tangu siku hiyo hana dada. Hakuna aliyempinga.

Jioni ile nilifungua kompyuta, nikaingia kwenye ukurasa wa ndani ambao ninauona peke yangu. Habari ya msiba ilikuwa bado iko palepale. Haijachukuliwa. Simu ya shangazi ilikuwa haijakutana na rezo kwa siku kumi na moja. Mnara wa upande ule ulikuwa umezimika. Nilitoka nje kwenda kusema, nikafika hadi penye viti. Watu walikuwa wanakula. Nikaambiwa kaa, nikapewa sahani, nikakaa, nikala.

Kila siku nilijiambia kesho. Matanga yalichukua wiki tatu, na wiki tatu nzima nilikaa nikisikia watu wakimtafuna shangazi. Na kwa kuwa kila mtu aliamini kwamba anajua, hakuna aliyejisumbua kumpelekea habari. Unampelekea nini mtu aliyekwisha kupata? Siku moja jirani aliniuliza wazi, ni kweli alipata? Nikamjibu kwamba programu ilionyesha hivyo. Mmeona ujanja? Hakuna neno la uongo pale, na lote ni uongo. Nilijichukia, halafu nikaenda kulala kama mtu wa kawaida.

Mwisho nilimtafuta motari aliyefukuzwa na alama yangu, nikapanda nyuma yake. Nyumbani niliaga kwamba naenda kutengeneza kompyuta Kabambare. Ile njia usiseme, madaraja ya miti, mchanga, mahali pengine tulishuka tukasukuma. Tuliondoka alfajiri, tukapita Kabambare bila kulala, na alasiri nikafika Wamaza. Shangazi alikuwa anaanika mpunga juu ya turubai. Aliponiona akapiga kigelegele, akanikumbatia na vumbi langu lote, akaanza kuuliza habari za huku na huku. Kisha akauliza za papa.

"Na mudogo wangu, iko namna gani?"

Hakungoja nijibu. Akasema, huku akicheka, kwamba amemwandikia mara mbili kuwa fungu lake la mpunga liko tayari, aje mwenyewe au atume mtu. Akatoa simu kwenye mfuko wa plastiki anionyeshe, na mnara wa kule ulikuwa bado umezimika. Mara mbili, kijani, kijani. Akasema anapata yote huyo, ni kujibu tu ndiyo mvivu, tangu shuleni alikuwa vile.

Nilikaa chini, juu ya mpunga wake, nikamwambia. Nilimwambia kwamba papa amefariki, ni wiki ya nne sasa. Nilimwambia kwamba ile alama haina maana yoyote, nimeiweka mimi, inatokea hata kama habari haijatoka mkononi mwako. La tatu lilikuwa gumu zaidi, nililisema nikitazama chini, kwamba tangu jioni ya maziko nilijua na nikanyamaza.

Akairudisha simu kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga.

"Walinigoja?" akauliza.

"Siku mbili, shangazi."

"Nani alisema wafunge?"

Nikamwambia. Hapo ndipo alipotoa sauti, na majirani wakaacha walichokuwa wanafanya wakaja mbio. Waliponikuta nimekaa pale wakanipa pole, mmoja mmoja, pole mutoto yetu, umefiwa. Walinishika mikono kwa mikono yao miwili. Nilizipokea pole zote, sikuwa na uso wa kuzikataa.

Tulisafiri pamoja, yeye pikipiki moja na mimi nyingine. Tulipopumzika alinisemesha mara moja tu. Alisema hatajitetea mbele ya wadogo zake, yeye ni mkubwa wao. Nitakayesema ni mimi. Nikakubali. Njia nzima nilipanga maneno, nikayapanga vizuri, pamoja na lile la kunyamaza.

Baba mdogo alikuwa uani na watu wa ukoo. Alipomwona dada yake hakuinuka, akatazama pembeni. Shangazi akakaa kwenye mkeka, hakusalimia mtu. Nikasimama katikati nikaanza. Nilisema shangazi hakupata habari. Nilisema alama ilitokea lakini simu yake ilikuwa haina rezo. Nilikuwa naelekea kwenye lile lenyewe, naapa nilikuwa naelekea, lakini baba mdogo aliniwahi. Uso wake ulifunguka, macho yakajaa machozi. Akatoka kitini, akapiga magoti akashika mikono ya dada yake, akasema kumbe ni rezo, rezo hii itatumaliza, tumekuonea bure. Wote wakaitika. Mmoja akaanza kusimulia jinsi rezo ilivyomkosesha arusi ya mtoto wake, mwingine akadakia na yake. Mtu akanipiga bega, akasema usijilaumu, si kosa lako. Kila mtu alikuwa na furaha. Ningefunga mdomo hapo tungekula pamoja jioni ile na mambo yakaisha.

"Ndiyo," nikasema. "Ni rezo."

Shangazi alikuwa bado ameshikwa mikono. Hakupandisha sauti.

"Rezo ilinyamaza," akasema. "Mutu alisema nimepata ni wewe."

Baba mdogo akanitazama, akamtazama dada yake, akanirudia, akingoja nikanushe. Nilikuwa na maneno yangu yote niliyoyapanga tangu Wamaza, na hata moja halikutoka. Akaelewa kwa kunitazama tu. Niliona alivyoelewa, alivyokumbuka kwamba aliniuliza mara mbili.

Shangazi akainuka, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akamwomba baba mdogo ampeleke kwa mudogo wake. Wakatoka wameshikana, na watu wote wa uani wakawafuata kuelekea makaburini. Nami nikainuka. Alipofika barabarani aligeuka, akaniambia nibaki, nami nikabaki.